Ndago Tulizozifukia

Mwanangu Namkunda,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Sasa hivi uko nyumbani unakunja upya sare ulizokwisha kuzikunja, na shangazi yako anakugombeza kwamba sanduku halitafunga. Mimi niko ofisini. Nimewaambia nina taarifa ya kumalizia. Hakuna taarifa yoyote. Nimefunga mlango, nimeketi kwenye meza ya kijiji, na ninakuandikia barua ambayo nitakupa kesho basi likiwa limeshawasha injini. Utaifungua mkishapita kituo cha Kisiwani, si kabla ya hapo.

Habari za sabuni, za kuchemsha maji ya kunywa na za kujihadhari na watu wa stesheni sikuandikii. Shangazi yako amezisema wiki nzima na atazisema tena asubuhi. Mimi nataka kukuandikia juu ya vitunguu. Najua ukisoma neno hilo utakunja uso, kama ulivyoukunja tangu siku ya mkutano. Tangu siku ile unanijibu "ndiyo mama" na "hapana mama" kama mtu aliyeitwa ofisini, na sijakuuliza kwa nini, maana najua.

Leo mchana nilikwenda nyuma ya jiko kutafuta kamba ya kufungia sanduku lako. Nikayakuta makopo. Nilikuambia uyatupe, ukasema "ndiyo mama", kumbe uliyaficha nyuma ya kuni na umekuwa ukiyamwagilia. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nilichuchumaa pale muda mrefu, shangazi yako akadhani naumwa.

Acha nianze mbali kidogo, hata kama mengine uliyaona mwenyewe.

Bibi yako kule juu Gonja hakutupa jani. Akipalilia, magugu yote aliyafukia chini ya migomba. Alichimba shimo kwa jembe, akayasukumia ndani kwa mguu, akafukia, akasema, "Kula." Alikuwa akisema na mgomba. Mikungu yake ilikuwa mizito mpaka tuliiwekea miti ya kuiegemeza. Mimi nilikua nikijua hivyo: jani likifukiwa linageuka chakula. Kila mtu wa milimani anajua hivyo, ndiyo maana sote tulikosea pamoja.

Kisha nikaenda shule ya kati, na pale palikuwa na bustani ya mboga. Mwalimu wetu wa bustani alitulazimisha kung'oa magugu ya ndago pamoja na vile vijitunguu vyake vyeusi vinavyonuka, kuzibeba mpaka barabarani na kuzianika juani mpaka zikauke kabisa. Hakuturuhusu kuacha hata moja kwenye tuta la mbegu. Sisi tuliona ni adhabu. Tulinung'unika, mikono ikachubuka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza sababu. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, Namkunda. Nilijua mito ya nchi za watu na majina ya wafalme wao. Ndago nilizibeba miaka mitatu na sikuwahi kuuliza, kwa sababu niliogopa kuonekana mjinga. Ukifika huko, uliza. Hilo tu ndilo nitakalokuagiza katika barua hii, na nalisema kwa sababu limenigharimu.

Tulipoambiwa tushuke kukaa pamoja kijijini, huku bondeni chini ya Maore, tulikuta ardhi tambarare, maji ya ndiva yanayokaa bwawani usiku na kufunguliwa asubuhi, na ndago. Kule juu zipo chache. Huku zilikuwa kama zulia. Kijiji kikaamua kulima shamba la pamoja la vitunguu ili tupate bati za zahanati. Ukaitishwa msaragambo, pembe ikalia, watu wakaja na majembe yao, na baada ya siku chache palikuwa na lundo la ndago lenye urefu wa nyumba. Kwenye kikao watu wakaulizana zipelekwe wapi.

Nikasimama. Unajua mimi sisimami. Mimi ni mtu wa kuandika wanayosema wengine. Lakini siku ile nilimkumbuka bibi yako na migomba yake, nikakumbuka na somo la mbolea nililolisoma, nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, majani haya ni mali. Tuyakatekate, tuyafukie kwenye matuta ya kitalu, tupande juu yake. Yatakuwa mbolea bila kununua." Wazee wakaitikia kwa vichwa, maana ndivyo mama zao walivyofanya. Mwenyekiti akasema, "Karani wetu leo amekuwa bwana shamba." Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Nadhani hata wewe uliniona.

Mbegu zikapandwa juu ya ndago mbichi. Aliyewekwa kulinda kitalu na kukimwagilia ni Mzee Chilumba.

Huyu sina haja ya kukueleza alivyo, lakini nitamwandika, kwa sababu nitakayoyasema mwishoni yanamhusu. Alikuja kutoka kusini akiwa kijana kukata mkonge, akakata mpaka mgongo ukapinda, na shamba la mkonge lilipopunguza watu akaandikishwa kijijini kwetu pamoja na sisi. Hana mke wala mtoto hapa. Wewe alikuita mke wake tangu ulipokuwa huna meno ya mbele. "Mke wangu, umenipikia nini leo?" Nawe unamjibu, "Makande." Naye anasema, "Makande tena? Nitarudisha mahari yangu niliyotoa." Na sisi alitutania bila kuchoka: "Ninyi Wapare, kuku wa jirani akikohoa mnafungua kesi. Mtu anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kumshtaki kuku." Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, karani wa kesi hizo.

Miche ya vitunguu ilitoka michache. Ile iliyotoka ilisimama siku chache, ikawa ya njano, ikalala. Ukiing'oa, mzizi ulikuwa mfupi, na ncha yake imekuwa ya kahawia kama uzi uliochomwa moto. Watu wakasema mbegu ni mbovu. Ikaletwa nyingine, ukaitishwa msaragambo mwingine, zikafukiwa ndago zaidi ya zile za kwanza, maana tulidhani mbolea ilikuwa kidogo. Miche ikafa tena.

Hapo ndipo nilipoanza kushuka usiku kutoka kitandani na kukaa mlangoni. Ulinikuta mara moja ukaniuliza kama nasikia wezi. Nilikuwa nakumbuka barabara ya shule na ndago zikikauka juani.

Makopo yalikuwa wazo langu, lakini kazi uliifanya wewe. Matatu ya maziwa ya unga, tukayatoboa chini kwa msumari. La kwanza udongo mtupu wa nyuma ya nyumba. La pili udongo uleule, uliochanganywa na ndago mbichi ulizozikatakata wewe kwa kisu cha jikoni mpaka shangazi yako akalalamika kwamba kisu kinanuka. La tatu udongo uleule na ndago zilizokuwa zimeoza pembeni ya lundo tangu kitalu cha kwanza, zimekuwa nyeusi na kumong'onyoka. Mbegu kutoka mfuko mmoja. Maji kutoka ndoo moja, na ndoo hiyo ulichota kwenye mfereji uleule unaokwenda kitaluni.

La kwanza likaota kama kawaida. La tatu likaota vizuri kuliko la kwanza. La pili vikatoka vijani vitatu vinne, vikapinda, na mizizi yake ilikuwa na ile kahawia. Ulivilaza kwenye kiganja chako ukanionyesha. Ukasema, "Mama, si mbegu. Ni majani yenyewe. Yana kitu yanatoa yakiwa mabichi, na mche mdogo haukiwezi. Yakishaoza kinakwisha."

Nikasema, "Mgomba mbona unayala?"

Ukasema, "Mgomba ni mkubwa, mama. Hiki ndiyo kwanza kinatoka kwenye mbegu."

Sijui kama unajua furaha niliyoipata nikikusikia. Ilidumu muda mfupi tu. Nilipoelewa ulichosema, nilielewa pia kwamba wazo la kufukia lilikuwa langu.

Na huku nyuma, neno jingine lilikuwa limeshaanza kutembea. Lilianzia kisimani, sijui kwa nani. Kwamba Mzee Chilumba amezoea mkonge, na anajua maji ya mkonge yanavyounguza ngozi. Kwamba anayakamua na kuyamwaga mferejini alfajiri, ndiva inapofunguliwa, wakati wengine bado wamelala. Kwa nini afanye hivyo? Kwa sababu si wa hapa. Sababu ikawa ni hiyo tu, na watu wakaona inatosha. Mwenyekiti akaitisha mkutano, na katika kuufungua akatumia neno hujuma. Nililiandika neno hilo kama lilivyo. Nilijua likishasemwa halitarudi bila mtu. Nikajiuliza, nikisema ni ndago, wataniuliza nani alisema zifukiwe. Nitakuwa mimi. Msomi, wa mshahara, aliyeua vitunguu vya kijiji mara mbili. Nikawaza kazi yangu, nikawaza baba yako aliyeko reli huko Tanga na barua zake chache, nikawaza nafasi yako ya sekondari ambayo karatasi zake zilikuwa bado zinapitia ofisi hiihii.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya mkutano, ulikuwa umeniuliza, "Mama, utasema?" Nikakuambia, "Nitasema." Nilimaanisha. Nataka ujue hilo, ingawa halibadilishi kitu.

Ulikuwa dirishani na watoto wenzako. Niliona kitambaa chako cha njano. Kwa hiyo uliyasikia yote.

Mzee mmoja wa kamati alimwuliza, "Chilumba, maji ya ndiva nani anayafungua?"

"Mimi."

"Na mkonge nani anaujua hapa?"

"Mimi. Na wewe unaujua, kamba ya mbuzi wako ni ya nini?" Watu wachache wakacheka. Akaendelea, "Maji hayohayo mnakunywa. Ndago zenyewe zinachipua upya pale kitaluni, kijani kabisa. Sumu gani hiyo inayochagua?"

Akadakia kijana mmoja kwa nyuma, "Anajua kujitetea kama Mpare."

"Nimekaa na ninyi muda mrefu," akasema. "Sasa na mimi nimepata kesi. Na hata kuku sina."

Hawakucheka tena. Mwenyekiti akazungusha macho chumbani, akanigeukia. "Karani. Wewe umesoma. Una la kuongeza kuhusu jambo hili?"

Namkunda, mtu mwingine angeweza kusema alinyamaza kwa sababu hakuulizwa. Mimi niliulizwa. Niliulizwa kwa jina la kazi yangu, chumba kizima kikiwa kimya, na jibu lilikuwa nyumbani kwangu ndani ya makopo matatu. Nikasema, "Sina, Mwenyekiti. Nimeandika yote."

Nilipotazama dirishani, kitambaa cha njano hakikuwapo.

Wakaamua aondolewe kwenye maji, na kwamba kibanda chake akiachie, aondoke baada ya kukusanya mtama wake. Mimi ndiye niliyeandika uamuzi. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri sana. Nimeutazama leo. Hakuna herufi iliyotetemeka, na hilo linanitia aibu kuliko mengine yote. Jioni nikakuambia, "Yatupe yale makopo, watu wasiyaone." Ukasema, "Ndiyo mama."

Tangu hapo nimejiambia mengi. Kwamba ningesema wasingeniamini. Kwamba yeye ni mtu mzima, amezoea kuhama. Kwamba nilinyamaza kwa ajili yako, ili usome. Hili la mwisho ndilo lililonidanganya muda mrefu zaidi, na ndilo ninalotaka nilifute kabla hujaondoka, usije ukalibeba. Sikunyamaza kwa ajili yako. Ningekuwa sina mtoto ningenyamaza vilevile. Niliogopa watu waliokuwa wamenipigia makofi wasije wakanitazama vingine. Usikubali mtu, hata mimi, akuambie kwamba shule yako ilinunuliwa kwa kibanda cha mzee yule. Nafasi uliipata kwa mtihani wako.

Leo, baada ya kuyakuta makopo, nilikwenda kwa Mzee Chilumba. Alikuwa anafunga godoro lake kwa kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitika, "Marahaba, karani," bila kuinua uso. Zamani aliniita mkwe.

Nikamweleza yote. Ndago, mizizi, makopo. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Alisikiliza huku anavuta kamba. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu.

"Haya uliyajua kabla ya mkutano au baada?"

Nikasema, "Kabla."

Akakaza fundo la kamba. Kisha akasema, "Basi afadhali ningekuwa nimemwaga kweli. Ningejua ninaondoka kwa nini."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza kwa mkono, si kwa ukali. "Mimi unaniambia ya nini? Mimi nilikuwa najua sikumwaga. Tangu lini nimekuwa mtu wa kuambiwa hilo?" Akanyanyua kichwa kuelekea kwenye nyumba za kijiji. "Wasiojua ni wale."

Nikamwambia labda watamrudishia kibanda. Akasema kibanda hakitaki tena, ameshaaga, anakwenda Same kutafuta lori la kusini. Ila angependa asiondoke kama mwizi. Kisha akauliza, "Mke wangu anaondoka lini?" Nikamwambia kesho, basi la asubuhi. Akasema, "Basi tunaondoka pamoja. Watasema amenitorosha." Hapo ndipo alipotabasamu kidogo. Mimi sikuweza.

Kuna jambo jingine. Wiki ijayo pembe italia tena. Mbegu ya tatu imeshafika, iko hapa ofisini ninapoandika, na lundo la ndago linasubiri kukatwakatwa na kufukiwa kama tulivyofanya. Nikinyamaza, miche itakufa. Mzee Chilumba atakuwa hayupo. Sijui safari hiyo watamtafuta nani, lakini najua watamtafuta, na najua nani ataandika.

Kesho watu watajaa kituoni. Wewe ni msichana wa kwanza wa kijiji hiki kwenda sekondari, na Mwenyekiti ameandaa hotuba. Akimaliza atasema, kama anavyosema siku zote, "Sasa mzazi naye aseme neno." Makopo matatu nimeyaweka kwenye kikapu chenye maandazi yako ya njiani, nimeyafunika kwa kanga. Neno ninalotaka kusema ni fupi. Kwamba ni ndago mbichi ndizo zilizoua vitunguu. Kwamba ni mimi niliyesema zifukiwe. Kwamba Mzee Chilumba hakumwaga kitu, na mimi nilijua siku ile mliponiuliza. Nimelisema hapa ofisini kwa sauti, peke yangu.

Sikuahidi kitu safari hii. Nilishakuahidi mara moja, na ukanisubiri dirishani.

Ukiusoma mstari huu mmeshapita Kisiwani, na wewe unajua jambo ambalo mimi ninapoandika silijui. Kama nilisema, basi barua hii ni yako, ifanye utakavyo. Lakini kama Mwenyekiti aliniita nami nikasimama nikashukuru watu, nikasifu maendeleo, nikakaa, usinionee huruma. Inuka hapo ulipokaa, nenda kwenye kiti cha karibu na Mzee Chilumba, umwite babu, umsomee barua hii yote tangu juu mpaka mwisho. Usishushe sauti. Ndani ya basi wamo watu wetu wanaokwenda sokoni Same, na jioni watarudi.

Jina nimeliandika lote, ili asiwepo wa kuuliza ni karani yupi.

Mama yako,
Nakijwa Elifuraha,
Karani wa Kijiji